Babu yetu mdogo alifia Burma 1944 akiwa Keya. Jina lake tumelipata, sasa tufanyeje?

Mjukuu wa Unyanyembe

Wakuu habari za jioni. Wazee wa humu, shikamooni.

Nina jambo la ukoo, nimelala nalo wiki ya tatu sasa na sioni pa kulipeleka zaidi ya hapa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mwaka 1942, akiwa na miaka 19 hivi, aliondoka kwetu Tabora akaingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza. Akavushwa bahari, akafika Burma, Myanmar ya leo, hakurudi. Habari zake kwetu zilikuwa zinaishia hapo. Picha hakuna, barua hakuna, kaburi hakuna. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Mtaniwia radhi, jina lake sitaliweka hapa, wakubwa wa ukoo hawajaniruhusu. Nitamwita babu mdogo.

Aliyemwona kwa macho na bado yuko hai ni mmoja tu, bibi yetu, dada yake wa mwisho kuzaliwa. Ana miaka 92. Masikio ni mazito, macho ndiyo hivyo tena, lakini ya zamani anayo utadhani ya juzi. Alikuwa mtoto wa miaka 10 babu mdogo alipokuja likizo ya mwisho kabla ya kupanda meli. Uso wake anasema umeshafutika, anachokumbuka ni buti. Kwetu walikuwa hawajaona mtu wa nyumbani kavaa viatu vya namna ile. Kijana mwenyewe vilimuuma, akifika tu anavivua anaviegemeza ukutani, anatembea peku kama zamani. Basi watoto wakawa wanaingiza miguu mle kwa zamu, buti linawafika karibu na goti, wanaanguka wanacheka. Siku ya kuondoka alivifunga kamba akavining'iniza begani, akasema atavivaa akiiona reli.

Habari ya msiba ilikuja kwa njia ya mtemi. Baba yao akaitwa bomani kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali ya mkoloni, akaelezwa, akahesabiwa fedha. Alirudi jioni, akakaa nje mpaka usiku mkubwa, hakumwambia mtu hadi asubuhi. Mama yao akalia, lakini matanga akayakataa. Neno lake lilikuwa moja: mwili uko wapi? Fedha zile baadaye zilinunua baiskeli, na mama mtu hakukubali hata siku moja kupakiwa nyuma yake. Alipougua mguu akapelekwa zahanati, alikwenda kwa machela, baiskeli ipo pale pale ukutani.

Mwezi uliopita nikaingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nikaandika jina kama tunavyoliandika sisi, hakuna. Nikajaribu kufikiri kama karani wa kizungu aliyekaa mezani na foleni ndefu mbele yake. Jina letu linaanza na Mb. Nikaitoa M. Hapo hapo likaja: praivati, King's African Rifles, batalioni ya 36, amekufa Oktoba 1944, jina liko Rangoon Memorial, Taukkyan.

Swali langu kwenu. Huyu mtu hajawahi kuwekewa matanga. Imepita miaka zaidi ya 80. Ukoo umegawanyika, wengine wanasema tufanye, wengine wanasema tunaamsha vilivyolala. Nyie kwenu mngefanyaje?

Kisonzo

Nimekaa siti ya mbele. Pole sana mkuu.

Mama Kuruthumu

Hapo kwenye baiskeli nimesimama kidogo. Mwanamke alikuwa na msimamo huyo, Mungu amrehemu.

Fundi Saa

Mkuu pole, ila kabla ya matanga tujiridhishe. Umejuaje kuwa huyo uliyemkuta ndiye? Majina ya kwetu yanajirudia, na wakati ule askari wengi waliandikwa jina moja tu. Jina limekosewa herufi, umri hakuna, kijiji hakuna. Anaweza kuwa mtu wa watu wengine kabisa. Kwenye ile rekodi kuna namba ya jeshi, sivyo? Nyumbani mna kitu chochote chenye namba? Kibati, karatasi ya boma, kitabu cha mshahara?

Mjukuu wa Unyanyembe

Fundi umegusa penyewe, hata mimi ndicho kinachonikosesha usingizi. Namba ipo kwenye rekodi. Nyumbani sidhani kama kuna kitu, ila kesho nitampigia binamu aliyeko kijijini aulize tena.

Mzalendo Halisi

Naomba niwe tofauti kidogo. Hivi vita vilikuwa vya nani? Mwingereza na Mjapani wanagombana huko, Mnyamwezi anahusikaje? Waliokwenda wengine walikamatwa kama kuku, wengine walidanganywa na nguo za kaki na mshahara. Walipigania ufalme uliokuwa unawatawala. Mkiwafanyia kumbukumbu mnampongeza mkoloni. Mashujaa wetu ni wa Majimaji na wa Kagera.

Mwalimu Mstaafu

Mzalendo, sikupingi yote. Ni kweli kuna waliosombwa kwa nguvu, na kuna waliojiandikisha wenyewe kwa sababu zao: kodi, mahari, kutaka kuona dunia, kumkimbia mzee mkali nyumbani. Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000. Huwezi kuwaweka wote kwenye kapu moja.

Na ujue wengine walirudi na macho mapya. Waruhiu Itote, yule General China wa Mau Mau, alipigana Burma akiwa Keya. Mtu aliyemwona mzungu anatetemeka kwenye handaki kama yeye, akirudi kwao ukimwambia "boy, beba mzigo" mnaanza kutazamana vibaya.

Sasa kwa mleta uzi. Mimi nimefundisha historia miaka 34, ngoja nikupe picha ya alikokwenda babu yako. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika. Iliingizwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1943, alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Humo walichanganyika watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia), na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili hiki hiki cha kambini. Kwanza walipelekwa Ceylon, siku hizi Sri Lanka, wakafundishwa vita vya msituni. Katikati ya 1944 wakasogezwa mpakani mwa India na Burma, upande wa Imphal, ambako Wajapani walikuwa wameshindwa na wanarudi nyuma.

Keya wakapewa kazi ya kuwafukuza kwa kupitia bonde la Kabaw. Na wakapewa kipindi cha masika ya huko, ambayo si masika ya kwetu. Wenye jeshi lao wengi waliona hakuna anayeweza kupigana mle wakati wa mvua. Barabara ilikuwa tope mpaka kiunoni, magari yanazama, chakula kinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Malaria na homa za utitiri ziliangusha watu kuliko risasi. Waliingia Tamu mwanzoni mwa Agosti, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Hapo likajengwa daraja la vyuma vya kuunga la zaidi ya mita 350, wakati ule hakuna refu kuliko hilo duniani kwa aina yake, na Jeshi la 14 la Mwingereza likavuka kwenda kuikomboa Burma. Babu yako kama alikufa Oktoba, alikufa njiani, katikati ya bonde, daraja hakuliona.

Kisonzo

Mwalimu shikamoo. Shule tulifundishwa vita vile kwa mistari minne tu, Hitler, Poland, bomu, kwisha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na mimi nilikuwa nafundisha mistari hiyo hiyo minne, mtaala ndio ulivyotaka.

Mkenya wa Milimani

Poleni ndugu zetu wa Bongo. Nimesoma huu uzi mara mbili.

Sisi pia tuna wetu. Kaka ya nyanya yangu alikuwa gunner wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipandishwa meli hapo Mombasa Februari 1944, meli inaitwa Khedive Ismail, wanaenda Ceylon. Tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama chini ya dakika mbili. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, waliokufa ni 1,297. Na kibaya zaidi, nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wanaelea, meli za Waingereza zikaangusha mabomu ya maji hapo hapo ili kuiua. Nyambizi ilizamishwa kweli. Waliokuwa wanaogelea nao walikwenda na hayo mabomu.

Yeye jina lake liko Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, ukutani. Tukienda mjini tunapita kumsalimu.

Kuhusu swali lako: kwetu Wajaluo mtu akipotea majini au akifia mbali mwili usipatikane, hatumwachi hivyo. Tunachukua tunda la yago, lile refu kama soseji kubwa la ule mti unaoitwa mvungunya kwa Kiswahili, tunalizika kama mtu. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa, watu wanakula, kwisha. Mzee wetu alizikwa hivyo 1946. Nyanya alisema kabla ya hapo nyumba ilikuwa haikai.

Mama Kuruthumu

Kuna makabila huku kwetu yanazika mgomba kwa sababu hiyo hiyo. Kwa sisi Waislamu kuna swala ya ghaibu, ingawa kwa mtu aliyekufa zamani hivyo masheikh wana maneno yao. Dua haina mgogoro. Babu alikuwa dini gani?

Mjukuu wa Unyanyembe

Mama Kuruthumu, ukoo wetu leo nusu msikitini nusu kanisani, tena nyumba moja. Yeye anasemekana hakuwa na dini ya kitabu. Ndiyo maana kila upande unaogopa kushika usukani.

Mzalendo Halisi

Mwalimu nimekusoma. Lakini hujajibu: anakumbukwa kama nani? Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, yule mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani, anaweka shoka pale mnarani baada ya Rais kuweka mkuki na ngao. Taifa limeshawakumbuka kwa jumla. Inatosha.

Mjukuu wa Unyanyembe

Mkuu Mzalendo, kwa jumla sawa. Mimi nimepita pale kwenye sanamu ya Askari, Posta, miaka yote niliyokaa Dar, juzi ndiyo nikasimama nikasoma. Imewekwa 1927 kwa ajili ya wale wa Vita vya Kwanza, maneno yapo kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za kawaida na za Kiarabu. Yanaahidi kwamba hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako. Nikalizunguka lile jiwe lote. Jina la mtu hakuna hata moja. Na wa kwetu hata huyo mwana hakuwa naye.

Mwalimu Mstaafu

Hapo umesema jambo, na ngoja nikuongezee. Hao wa Vita vya Kwanza, hasa wapagazi, wale waliotuachia jina la Kariakoo, wengi hawakuandikwa popote. Tume hiyo hiyo ya Makaburi ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuwekwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kuna maofisa wa wakati ule waliona Mwafrika hana haja na jiwe la kaburi. Kwa hiyo babu yako kuwa na jina, hata lisilo na M, kuna koo zingetamani hilo tu.

Fundi Saa

Namba mkuu, namba. Binamu kasemaje?

Mjukuu wa Unyanyembe

Wakuu, nimerudi. Kaeni vizuri.

Binamu alimfuata bibi jioni, akamuuliza kwa sauti ya kupasua koo kama kuna kitu chochote kilichobaki cha kaka yake. Bibi akanyamaza. Akauliza nani yuko ndani. Akatoa watu wote, akabaki na binamu na mjukuu mmoja wa kike, akaagiza sanduku lake la bati lililoko chini ya kitanda. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cha kaniki kimeviringishwa, kikafunguliwa. Ndani kijiko.

Kijiko cha jeshi, kizito, kimeingia weusi. Bibi akasema: nilikiiba.

Ni ile likizo ya mwisho. Babu mdogo ugali alikula kwa mkono kama wengine, lakini uji alinywa kwa kijiko chake cha kambini, akiwaringia watoto. Bibi akakipenda. Usiku wa mwisho akakichukua akakitumbukiza kwenye kihenge cha mtama, mkono mpaka begani. Asubuhi kaka mtu akakitafuta. Akakung'uta mkoba, akapekua mkeka, akamuuliza mama, akawauliza watoto mmoja mmoja. Bibi akatikisa kichwa. Muda wa reli ukafika, akaondoka.

Anasema miaka yote hii anajua kaka yake alikwenda kuchapwa viboko kwa ajili ya kile kijiko. Habari ya kifo ilipokuja akaona ni mwendelezo wa kosa lile lile. Hajawahi kumwambia mama yake, hajawahi kumwambia mumewe, na mumewe amekufa 1998.

Binamu akanipigia picha ya mpini. Nyuma kuna namba imekwaruzwa kwa msumari au ncha ya kisu. Herufi ya mwanzo imelika, haisomeki. Tarakimu zote zilizobaki ndizo zilezile zilizoko kwenye rekodi, mpangilio ule ule.

Fundi Saa

Basi ndiye. Mimi sina neno tena.

Kisonzo

Nipo kwenye daladala nalia kama mjinga, kondakta ananitazama.

Mzalendo Halisi

Mleta uzi, nimeusoma huu ujumbe nikatoka nje. Sibadilishi msimamo kuhusu vita vyenyewe. Ila mwambieni bibi hakuua mtu.

Mjukuu wa Unyanyembe

Asante mkuu. Bibi hajawahi hata siku moja kuniuliza vita vilikuwa vya nani. Anachouliza ni kimoja, alichapwa au hakuchapwa. Mwalimu, nisaidie hapo, nimpe jibu gani la kweli?

Mwalimu Mstaafu

Kijana, sitakudanganya ili kumfurahisha bibi. Viboko vilikuwepo katika Keya wakati ule, ilikuwa adhabu halali. Lakini mali ya jeshi ikipotea, desturi ya majeshi yale ilikuwa kumkata askari mshahara na kumpa nyingine, jeshi halitaki mtu wa kula kwa vidole kwenye mstari wa chakula. Kwa kijiko kimoja, mimi ningemwambia alikatwa senti. Na mpe shikamoo yangu.

Ukitaka kujua zaidi ya hapo, shajara za kila siku za batalioni zile ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu la WO 172. Praivati wa Kiafrika mara nyingi hatajwi kwa jina mle, ila tarehe unayo, unaweza kuona siku ile batalioni ilikuwa kwenye kilima gani.

Mjukuu wa Unyanyembe

Nimemwambia. Akafikiri sana, kisha akauliza: senti ngapi?

Baharia wa Chumbageni

Wakuu mimi ni msomaji tu, huwa siandiki. Ni baharia, meli yangu ni ya mizigo. Ratiba inaonyesha wiki ijayo tunatia nanga Thilawa, bandari ya Yangon, Burma hiyo hiyo. Tukipewa ruhusa ya kushuka nitajaribu. Mleta uzi nitumie inboksi jina kama lilivyoandikwa pale na namba ya uso wa nguzo lilipochongwa.

Mjukuu wa Unyanyembe

Baharia, sina la kusema. Nimetuma.

Mama Kuruthumu

Mungu akufikishe salama mwanangu, na akurudishe.

Baharia wa Chumbageni

Nimefika, na nimerudi melini salama. Nchi yenyewe haijatulia, mnasikia habari zake, nilipata saa chache tu za mchana. Taukkyan iko kaskazini mwa mji, kama kilomita 35 kutoka katikati, na sisi bandari iko kusini, kwa hiyo nimevuka jiji zima kwa teksi.

Pametunzwa kuliko nilivyofikiri. Majani yamekatwa chini kabisa, mawe ya makaburi zaidi ya 6,000 yamepangwa mistari. Ila wa kwenu hayuko kwenye mawe. Katikati kuna jengo refu la nguzo za mraba, halina kuta, upepo unapita. Kila nguzo ina majina pande zote, ni wale wasiojulikana walipolala, karibu 27,000. Nilitafuta kwa namba ya uso kama dakika 40. Yupo juu, nimeinua simu mikono yote miwili, ndiyo maana picha imepinda. Juu yake yuko Juma, chini yake kuna majina ya Kinyasa. Pale kati ya jengo kuna maneno kwamba walikufa kwa ajili ya watu huru wote, yameandikwa kwa lugha tano: Kiingereza, Kiburma, Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi. Kiswahili nimekizunguka sikukiona.

Basi nikaona nimsalimie mwenyewe. Hapo nikakwama. Mtu kazaliwa kabla ya babu yangu, lakini alipokufa alikuwa na miaka 21, na mimi nina 33. Nimwambie shikamoo au nimwambie mambo vipi? Mtunza bustani amesimama na reki yake ananiangalia. Nikamwamkia shikamoo. Nikamwambia wa kwenu wamekupata, dada yako yupo, kijiko anacho.

Picha nimetuma inboksi, saba.

Mkenya wa Milimani

Baharia, ukipita Mombasa nitafute. Chakula na malazi juu yangu.

Kisonzo

Tunaomba mrejesho wa ukoo.

Mjukuu wa Unyanyembe

Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kijijini na mtandao wa kule ni wa kupanda kichuguu.

Tulikaa kikao siku mbili. Ya mgomba na ya yago niliyafikisha, wazee wakasema ni maarifa mazuri lakini si yetu. Aliyekata shauri ni bibi. Akasema hakuna haja ya kutafuta cha kuzika, kitu chake kipo na ni cha kwake, arudishiwe.

Kaburi likachimbwa upande wa mama yake, dogo, urefu wa mkono. Padri alisali, shehe akaomba dua, hakuna aliyemtazama mwenzie vibaya. Picha ya Baharia tuliikuza tukaibandika kwenye ubao. Bibi hakuiona vizuri, akaipapasa kwa kidole, akauliza kama pale ananyeshewa na mvua au kuna paa. Nikamwambia paa lipo. Akaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kukitoa kijiko aliomba uji. Wakamletea wa ulezi. Akanywa mara tatu kwa kile kijiko mbele ya watu wote, taratibu, hakuna aliyesema neno. Akakifuta kwa pindo la khanga, mbele na nyuma, akanipa mimi nikakiweke.

Kibao tumekiandika kwa mkono, saruji ikiwa mbichi. Jina, Keya 36, Burma, Oktoba 1944. Jina tumeanza na Mb.